Mbona Linux inauzwa ikiwa ni ya bure?

"Nimeuziwa flashi yenye Linux. Nimetapeliwa?" Swali hili hutufikia kila tunapofungua mafunzo ya programu huria, na anayeuliza huwa keshasikia mahali kwamba Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, haina bei. Jibu letu humshangaza: hujatapeliwa. Aliyekuuzia alikuwa na haki ya kutoza kiasi chochote mlichoafikiana. Nawe, tangu flashi ilipotua mkononi mwako, una haki ya kuinakili mara elfu na kuwagawia wote unaowajua, au kuwauzia ukitaka. Hakuna wa kumwomba ruhusa, maana ruhusa imekwisha kutolewa kwa maandishi.

Maandishi hayo ndiyo leseni. Kiswahili kina bahati katika jambo hili: tuna "bure" na tuna "huria", na mtu hawezi kulichukua moja akadhani ni jingine. Kiingereza kimelazimika kubebesha neno moja, "free", maana zote mbili, na ubishi usiokwisha umezaliwa hapo. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya kile unachoruhusiwa kufanya na programu ikishakuwa yako: kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha, kuisambaza. Programu inaweza kuwa ya bure na isiwe huria hata kidogo. Inaweza pia kuuzwa ghali na ikawa huria kabisa. Historia ya Linux yenyewe inaonyesha kuwa ukikataza kuuza, unaweza ukawa umekataza kusambaza.

Turudi nyuma kidogo. Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Linux ilikuja kuuiga, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali yaliyoizuia kufanya biashara nje ya simu, kwa hiyo Unix ikatolewa kwa vyuo vikuu kwa leseni nafuu, pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu huundwa kutokana nayo. Wanafunzi wakausoma, walimu wakaufundishia. Halafu likaja Toleo la 7, mwaka 1979, na leseni yake ikakataza msimbo huo kufundishwa darasani. Walimu wakabaki na somo lisilo na kitabu.

Mmoja wao, Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, akaamua kuandika mfumo wake mwenyewe unaofanana na Unix kwa nje lakini usio na hata mstari mmoja wa AT&T ndani. Aliuita Minix, ukatoka mwaka 1987, na msimbo wake wa mistari 12,000 hivi ulichapishwa ndani ya kitabu chake cha kiada. Uliendeshwa na kompyuta binafsi za kawaida za wakati ule, na disketi zake ziliuzwa dola 69. Ukilinganisha na gharama ya leseni ya Unix kamili, hiyo ilikuwa bei ya kutupa.

Msimbo uko wazi, bei ni ndogo. Tatizo lilikuwa nini? Haki ya kusambaza. Minix ilikuwa mali ya mchapishaji, na hukuruhusiwa kuirekebisha kisha ukaigawa ikiwa nzima. Bruce Evans alipoiboresha ili itumie vizuri prosesa ya 386 ya Intel, alichoweza kugawa ni viraka tu, yaani mafaili ya mabadiliko peke yake. Aliyetaka mfumo huo ulioboreshwa alipaswa kwanza kununua Minix ya asili, kisha avibandike viraka kimoja kimoja, aunde upya, aombe Mungu. Tanenbaum naye alikataa kuingiza kila nyongeza aliyoletewa, kwa sababu alitaka mfumo mdogo ambao mwanafunzi ataumaliza ndani ya muhula. Kwa mwalimu, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa aliyetaka mfumo wa kufanyia kazi nyumbani, ulikuwa ukuta.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa mmoja wa walionunua Minix. Tarehe 25 Agosti 1991 alitangaza kuwa anatengeneza mfumo wake, na Septemba akatoa toleo la 0.01. Leseni yake aliiandika mwenyewe, fupi, ya mtu asiye mwanasheria: msimbo wote upatikane, tangazo la hakimiliki lisiondolewe, na mtu asitoze chochote, hata gharama za kushughulikia.

Sharti hilo la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini. Lilitokana na nia njema: aliyepewa bure asigeuke mchuuzi. Lakini fikiria hali ya mwaka 1992. Intaneti ilikuwa ya vyuo na maabara. Mtu wa kawaida aliupata mfumo pale tu mwenzake alipoketi na rundo la disketi, akazinakili moja baada ya moja, akabandika vibandiko, akazibeba hadi kwenye mkutano wa watumiaji. Disketi zina bei. Muda nao una bei. Ukimwambia mtu huyo asirudishe hata gharama ya disketi tupu, atanakili kumi kwa moyo safi, na ya kumi na moja hutaiona.

Watu wakamwandikia Torvalds wakimwomba aliondoe sharti hilo, naye akakubali. Katika maelezo ya toleo la 0.12, Januari 1992, alitangaza kwamba Linux itahamia kwenye leseni ya GNU, mradi wa programu huria, iitwayo GPL, kuanzia tarehe 1 Februari, endapo waliomsaidia kuandika msimbo hawatakuwa na pingamizi. Hilo la pingamizi halikuwa adabu tu. Kila aliyechangia alikuwa na hakimiliki ya kipande chake, na leseni haibadiliki bila ridhaa yake. Wakati ule wachangiaji walikuwa wachache, barua chache zilitosha. Leo ni maelfu, wengine wamekwisha kufariki, na ndiyo sababu kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani aliyoianzisha Torvalds, kimebaki kwenye toleo la 2 la leseni hiyo ingawa la 3 limekuwepo tangu 2007. Torvalds mwenyewe hakulipenda toleo la 3, lakini hata angelipenda, angempata wapi kila mmoja?

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1993 ilianzishwa Slackware na Debian, mikusanyo ya Linux na programu zake iliyo tayari kusakinishwa, ambayo mpaka leo iko hai, na wauzaji wa diski za CD wakaanza kuipeleka Linux mahali ambapo intaneti haikuwa imefika. Kila aliyetaka kupata faida kidogo akawa msambazaji. Kwa maoni yangu, kuondoa ule mstari mmoja wa "usitoze" kuliisaidia Linux kuliko sehemu yoyote ya msimbo iliyoandikwa mwaka ule.

Sasa, leseni yenyewe inasemaje? Ukiwa na kompyuta yenye Debian, huna haja ya kuitafuta mtandaoni. Fungua folda ya /usr/share/common-licenses na utaikuta faili iitwayo GPL-2, yenye tarehe ya Juni 1991 juu yake. Jambo la kwanza linalowapita wengi: kuitumia programu hakukudai ukubali chochote. Kile kitufe cha "Nakubali" tulichozoea kubofya bila kusoma hakina kazi hapa. Leseni inakugusa pale unapoisambaza au kuibadilisha. Ukimpa mtu programu iliyokwisha kuundwa, umpe na msimbo wake, au umwahidi kwa maandishi kuwa atakayeuomba ataupata, na ahadi hiyo idumu miaka mitatu au zaidi. Bei ya programu ni juu yako. Bei ya msimbo ulioahidiwa haiko juu yako: usizidishe gharama halisi ya kuufikisha.

Hapo kuna kosa moja tunalolisikia hata kwa watu wa fani. Wanadhani leseni hii inamlazimisha kila mtu auweke msimbo wake hadharani kwa dunia nzima. Hapana. Anayedai ni yule aliyepewa programu, na yeyote iliyemfikia ile ahadi ya maandishi. Ukiibadilisha Linux kwa matumizi yako ndani ya ofisi yako, hudaiwi na mtu. Ndiyo maana Juni 2023 kampuni ya Red Hat iliweza kutangaza kwamba msimbo wa mfumo wake wa kibiashara utapatikana kwa wateja wake, na umma utazame CentOS Stream, toleo lake la wazi linalotangulia lile la kibiashara. Wengi walikasirika, na hasira yao ninaielewa, lakini kukasirika na kuvunjiwa leseni ni mambo mawili.

Upande wa pili, wapo waliouza vifaa vyenye Linux ndani wakakaa kimya. Mwaka 2003 watumiaji waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G inaendeshwa na Linux. Msimbo ukadaiwa, ukatolewa, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao leo unasakinishwa kwenye ruta za aina nyingi sana. Mwaka uliofuata mahakama ya mjini Munich, Ujerumani, ilikubali kwamba leseni hii ina nguvu ya kisheria: anayeivunja hupoteza haki ya kusambaza, na akiendelea anavunja hakimiliki kama mwizi mwingine yeyote wa programu. Ukinunua runinga au ruta, pekua kurasa za mwisho za kijitabu chake. Mara nyingi ile ahadi ya msimbo imejificha huko, kwa herufi za kuumiza macho.

Je, programu zote zinazoendeshwa juu ya Linux lazima ziwe huria? La. Leseni ya kiini ina nyongeza ya Torvalds inayosema kwamba programu za kawaida zinazoomba huduma kwa kiini kwa njia yake ya kawaida hazihesabiwi kuwa sehemu yake. Kampuni inaweza kuuza programu iliyofungwa kabisa inayoendeshwa juu ya Linux, na wanafanya hivyo kila siku.

Ipo pia familia nyingine ya leseni, ile ya BSD, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Yenyewe haidai mengi: acha jina la mwenye hakimiliki lionekane, usimlaumu ikiharibika, basi. Mifumo ya FreeBSD na NetBSD inaitumia. Minix nayo ilihamia humo mwaka 2000, ikiwa imechelewa miaka kumi ukiniuliza mimi. Matokeo yake yalijulikana mwaka 2017, ilipobainika kwamba Minix imewekwa ndani ya chipu za Intel, kwenye kitengo kinachofanya kazi nyuma ya pazia la mfumo wako. Intel haikuwa imemwambia Tanenbaum, wala leseni haikuilazimisha. Yeye aliandika barua ya wazi akisema hadai kitu, ila ingekuwa uungwana kumjulisha. Mtu anayechagua leseni ya BSD na ajue kwamba anaweza kuamka siku moja akaikuta kazi yake mahali asipopategemea.

Kuhusu kuupata mfumo leo, kazi ni ndogo. Pakua faili kutoka tovuti rasmi ya mradi wenyewe, si kutoka kiungo ulichotumiwa. Kisha ihakiki, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Andika sha256sum ikifuatiwa na jina la faili, na kompyuta itakurudishia mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Linganisha na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya mradi. Ikitofautiana herufi moja tu, ifute faili hiyo uipakue upya, kwa sababu ama imeharibika njiani ama imechezewa. Flashi uliyouziwa mtaani haina ulinzi huo. Muuzaji ana haki ya kukuuzia, lakini leseni haithibitishi kwamba alichokupa ndicho kilichotolewa na Debian au Ubuntu, na leseni yenyewe inatamka kwa herufi kubwa kwamba hakuna dhamana yoyote. Kama intaneti unayo, pakua mwenyewe.

Jambo jingine ni programu ndogo zinazowekwa ndani ya vifaa, kama kadi ya Wi-Fi. Nyingi si huria, msimbo wake hauonekani, na bila hizo kadi haiwaki. Debian kwa miaka mingi iliziweka kando, na watu wakawa wanasakinisha mfumo usio na mtandao, wasijue pa kuanzia. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo ndani ya diski rasmi ya kusakinishia. Wapo wanaoliona hilo kuwa usaliti. Mimi nimewahi kukaa saa nzima na mwanafunzi tukitafuta kebo ya mtandao ili tu apakue faili ya kumwezesha kutumia Wi-Fi, na siwezi kuungana nao.

Mwenye kompyuta kuukuu naye atazame kabla ya kupakua. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Ile prosesa ya 386 ambayo Linux ilizaliwa juu yake iliondolewa kwenye kiini tangu toleo la 3.8, mwaka 2013. Leseni haimlazimishi mtu kuendelea kuihudumia mashine yako. Matoleo ya zamani hata hivyo yapo kwenye kernel.org, pamoja na lile la 0.01, na anayetaka kulihudumia toleo lenye 386 anaweza kuanza leo bila kumwandikia mtu barua.