Je, wajua? Umbali peke yake unatosha kufichua mahali ulipo

Programu nyingi za kutafuta wachumba na marafiki hazionyeshi ramani. Huandika tu kwamba mtu fulani yuko kilomita 2 kutoka ulipo. Wengi huona hapo pana usalama wa kutosha, na hoja yao ina mantiki: kilomita 2 kuelekea wapi? Namba haitaji kaskazini wala kusini. Hoja hiyo ni sahihi kwa namba moja. Mtu akipata namba tatu, haisimami tena.

Fikiria mbuzi gizani, amefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mita 10 iliyokazwa. Humwoni, lakini lazima awe kwenye duara linalozunguka kigingi hicho. Ongeza kamba ya pili, ya mita 7, kutoka kigingi kingine. Maduara mawili hukatana kwenye nukta mbili tu, basi mbuzi yuko kwenye mojawapo. Kamba ya tatu, kutoka kigingi kisicho kwenye mstari mmoja na vile viwili, hubakiza nukta moja. Hakuna kamba iliyotaja upande wowote, na bado mbuzi amepatikana.

Kwenye simu, vigingi ni mahali anaposimama anayekutafuta. Wala si lazima atembee: huipa programu mahali bandia, husoma umbali, kisha hurudia kutoka sehemu nyingine mbili. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya usalama ya Include Security waligundua kuwa seva (kompyuta kuu) za Tinder, programu ya kutafuta wachumba, zilituma umbali wenye desimali nyingi, ingawa kwenye skrini ilionekana namba nzima tu. Walieleza kasoro hiyo hadharani Februari 2014, baada ya kurekebishwa.

Basi umbali ukikadiriwa hadi namba nzima kwenye seva kwenyewe, tatizo si limekwisha? Hapana, na sababu yake inashangaza. Tuseme programu huandika 1 kwa umbali usiofika kilomita 1.5, na 2 kuanzia hapo. Mtafutaji husogeza mahali pake bandia mita chache chache huku akitazama: 1, 1, 1, halafu ghafla 2. Pale namba ilipogeuka, anajua kwamba umbali halisi ni karibu kilomita 1.5 kamili. Makadirio yanaficha umbali kila mahali isipokuwa mpakani, na mpaka ndio anaoutafuta. Mipaka mitatu ni kamba tatu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walichunguza programu 15 za wachumba. Katika 6 kati ya hizo iliwezekana kukaribia sana mahali halisi pa mtumiaji.

Dawa iko kwenye mpangilio wa hesabu. Programu ikadirie kwanza mahali, ndipo ipime umbali. Latitudo, yaani namba inayoonyesha mahali kaskazini au kusini mwa ikweta, ikibakizwa desimali mbili tu, kila hatua ni takriban kilomita 1.1, na kila mtumiaji huhamishiwa kwenye kona ya mraba wa kufikirika. Mtafutaji ataipata kona hiyo barabara, ila mlango wako hataupata.

Programu za wakimbiaji zina mtego wa jinsi hiyo hiyo. Baadhi hukata sehemu ya njia iliyo ndani ya duara kuzunguka nyumbani kwako. Kama nyumba ndiyo kitovu, njia zako zote huanzia kwenye ukingo wa duara, na nukta tatu za ukingo zinatosha kukipata kitovu. Programu ikiruhusu, hamisha kitovu. Isiporuhusu, weka anwani ya njia panda iliyo jirani badala ya nyumba, ukihakikisha nyumba imebaki ndani ya duara.

Mbinu hii ya kumtafuta mtu kwa umbali haiwezi kila kitu. Haioneshi ghorofa unayoishi, na mtu aliye safarini huvuruga hesabu. Lakini usiku simu hulala mahali pamoja kwa saa nyingi, na huo ndio muda unaomfaa mtafutaji.

Kwa upande wako, anzia kwenye simu. iPhone kuanzia iOS 14, na Android kuanzia toleo la 12, huruhusu kuipa programu mahali pa kukadiria tu. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye ruhusa za mahali, chagua programu yenyewe, kisha zima swichi ya mahali kamili. Kwenye Android, mahali pa kukadiria ni eneo la takriban kilomita 3 za mraba.

Kuficha umbali kwenye wasifu husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kama orodha bado inawapanga watu kwa ukaribu, mtafutaji huweka akaunti bandia mbili, moja ikitokea kabla yako na nyingine baada yako, akazisogeza hadi zikubane katikati. Mahali kamili pakizimwa kwenye simu, programu haina cha kuvujisha zaidi ya eneo lile la kukadiria.