MRI Imetoka Safi? Safi kwa Swali Gani?

Mimi ni daktari wa radiolojia, kazi yangu ni kusoma picha. Fomu ya kuomba picha inayonifikia ina maneno manne: "Kichwa kinauma. MRI ubongo." Umri hakuna, kimeanza lini hakuna, kinauma vipi hakuna. Baadaye mgonjwa huyohuyo anaambiwa, "MRI imetoka safi, huna kitu." Au anaambiwa kinyume chake: "Tumekiona, ndicho hiki," na anapangiwa upasuaji.

Imani iliyo nyuma ya kauli hizo mbili ni moja, nami imenichosha: kwamba MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ni jicho linaloona kila kitu. Isipoona, hakuna. Ikiona, ndicho. Mgonjwa akisema hivyo namwelewa. Amelala nusu saa ndani ya bomba linalogonga kama karakana, ana haki ya kutaka jibu moja. Daktari akisema hivyo, uvumilivu unaniisha.

"MRI ya ubongo" ni jina la foleni, si jina la kipimo. Ndani yake kuna sikwensi, yaani aina mbalimbali za upigaji picha, na kila sikwensi inaiuliza tishu swali lake. T2 inauliza maji yako wapi. FLAIR inauliza hilohilo huku ikiyazima maji huru, kama yale ya ventrikali, vyumba vya maji vya ndani ya ubongo. DWI inauliza kama molekuli za maji zinatembea kwa uhuru au zimebanwa. SWI inasaka damu ya zamani, madini ya chuma na kalisi. Usipouliza hujibiwi, na ripoti haitakukumbusha kwamba hukuuliza. Itasema "hakuna kasoro iliyoonekana", na haitakuwa imedanganya.

Chukua kifuko cha maji kwenye pembe iliyo kati ya ponsi (sehemu ya shina la ubongo) na serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma). Kwenye T1, sikwensi nyingine, ni cheusi kama maji ya ubongo, kwenye T2 ni cheupe kama maji ya ubongo. Kinaweza kuwa sisti ya araknoidi, mfuko wa maji tu, ambayo mara nyingi huachwa ilivyo. Kinaweza pia kuwa epidamoidi, uvimbe wa seli za aina ya ngozi, ambayo hukua polepole ikijipenyeza katikati ya neva na mishipa ya damu, na mpasuaji atataka kuijua mapema. Kwa T1 na T2 peke yake hutofautishi. Weka DWI: sisti ya araknoidi inabaki nyeusi, epidamoidi inawaka kama taa. Kwenye FLAIR nayo epidamoidi haizimiki vizuri, inabaki na ukungu. Ila usikimbie kuandika "maji yamebanwa" kwa sababu tu imewaka. Sehemu ya weupe ule inatoka kwenye T2 yenyewe. Fungua ramani ya ADC, inayopima mwendo wenyewe wa maji, weka kipimo ndani ya kifuko, kisha ndani ya ventrikali. Epidamoidi itakuwa chini sana ya maji, karibu na tishu ya ubongo. Dakika moja ya kazi, lakini lazima DWI iwe imepigwa.

Unene wa vipande nao ni hivyohivyo. Kipande cha milimita 5 kinatosha kwa kiharusi. Kwa kifafa kisichosikia dawa hakitoshi hata kidogo, kwa sababu kasoro ya gamba la ubongo inayotafutwa inaweza kujificha chini ya mkunjo mmoja ikiwa na upana wa milimita chache, na kipande kinene kinaichanganya na jirani zake mpaka inapotea. Hapo inahitajika T1 ya 3D na FLAIR ya 3D, milimita 1 kila upande, pamoja na T2 iliyokatwa kwa kuvuka mhimili wa hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu. Mgonjwa wa kifafa aliyepigwa MRI ya kawaida na ikatoka "safi" hajapimwa kifafa bado.

CT, picha ya vipande inayopigwa kwa eksirei, ina ugonjwa wake, nao ni saa. Insulinoma ya kongosho, uvimbe unaotoa insulini, mara nyingi haizidi sentimita 2. Inawaka katika awamu ya ateri, sekunde 35 hadi 45 tangu kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) ianze kuingia mshipani, halafu kufikia sekunde ya 70 inaweza kuwa na rangi ileile ya kongosho lenyewe. Ukiomba "CT ya tumbo na kontrasti" bila maelezo, utapata awamu moja tu, ile ya sekunde 70. Utaambiwa kongosho ni zima. Ili uione unahitaji awamu zote mbili, vipande vya milimita 1 hivi, kontrasti iingie kwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, na kanula (sindano ya plastiki inayoachwa mshipani) nene kwenye kiwiko. Kanula nyembamba ya mgongo wa mkono hairuhusu kasi hiyo, na awamu ya ateri inatoka imefifia. Mgonjwa anyweshwe maji ya kawaida, asipewe kontrasti nyeupe ya kunywa, kwa sababu duodenamu, mwanzo wa utumbo mwembamba, iliyojaa weupe inaficha kichwa cha kongosho.

Na hata hivyo si picha inayosema "hii ni insulinoma". Ni damu: sukari, insulini na C-peptidi (kipande kinachotoka mwili unapotengeneza insulini yake) vikipimwa wakati mgonjwa anafunga chini ya uangalizi, hadi saa 72. Picha inakuja baadaye kuonyesha iko wapi. Anayeanza na picha anatafuta nyumba ya mtu ambaye hajui kama yupo.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kweli.

Mtu ana maumivu ya kichwa. MRI inaonyesha tonsili za serebelamu, yaani ncha zake za chini, zimeshuka zaidi ya milimita 5 chini ya tundu kubwa la fuvu. Ripoti inaandika "Chiari aina ya 1", jina la kushuka huko, na mlolongo unaanza: mpasuaji, kufungua mfupa wa nyuma ya fuvu, kupanua nafasi. Wakati mwingine ndiyo tiba sahihi. Wakati mwingine tonsili zimeshuka kwa sababu ubongo wote umezama, na umezama kwa sababu maji yake yanavuja mahali fulani kwenye uti wa mgongo. Huyo ukimfungua fuvu hujagusa tundu linalovuja.

Tofauti inaanza kabla ya picha. Maumivu ya Chiari hupenda kisogo na hupanda ghafla mtu akikohoa au akijikamua. Maumivu ya uvujaji hupanda akisimama na kupungua akilala, angalau miezi ya mwanzo. Ukikaa nayo muda mrefu tabia hiyo inafifia, na hapo ndipo watu hupotea. Swali la "ukilala inakuwaje?" halihitaji sumaku. Liandikwe kwenye fomu.

Kisha picha. Fuvu ni chungu kilichofungwa: ubongo, damu na maji vinagawana nafasi moja. Maji yakipungua, damu inajaza pengo. Ndiyo maana dura, utando mgumu unaofunika ubongo, inachukua kontrasti pande zote, kwa unene sawasawa, laini bila vinundu. Ndiyo maana sinasi za vena, mifereji mikubwa inayoondoa damu kwenye ubongo, zinavimba. Itazame sinasi ya pembeni kwenye T1 ya sajitali (iliyokatwa wima kutoka mbele hadi nyuma): ukingo wake wa chini ambao kwa kawaida umebonyea ndani au umenyooka, unakuwa umetuna nje. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inanenepa, na watu huiita uvimbe. Majimaji yanaweza kukusanyika chini ya dura. Halafu pima katikati kabisa ya sajitali: kijibwawa cha maji ya ubongo kilicho juu ya pituitari kikiwa milimita 4 au chini, kilicho mbele ya ponsi milimita 5 au chini, umbali kati ya mwili wa mamilari (kivimbe kidogo cha kawaida chini ya ubongo) na ponsi milimita 6.5 au chini.

Kuna mizani ya alama iitwayo Bern inayojumlisha haya. Dura kuchukua kontrasti, sinasi kuvimba na kijibwawa cha juu ya pituitari kubanwa, alama 2 kila kimoja. Majimaji chini ya dura na vile vipimo viwili vingine, alama 1 kila kimoja. Jumla 9. Ukipata 5 au zaidi, uwezekano wa kuukuta uvujaji kwenye uti wa mgongo ni mkubwa. 2 au chini, ni mdogo. Naitumia, na naipenda kwa sababu inamlazimisha msomaji aangalie vitu sita badala ya kimoja. Lakini kati ya milimita 6.4 na 6.6 kuna nini? Kuna kichwa kilichoinama kidogo kwenye mashine, na kuna kidole changu kwenye kipanya. Kesho naweza kupima tofauti. Na anayeomba MRI bila gadolini, kontrasti ya MRI, ameshatupa alama 2 kabla hatujaanza.

Kibaya zaidi, alama ndogo haimwondolei mtu ugonjwa. Wapo wanaovuja na ubongo wao kwenye MRI ni wa kawaida kabisa. Wapo ambao MRI ya uti wa mgongo, hata ile ya T2 iliyozimwa mafuta, haina tone la maji nje ya dura, kwa sababu maji yao yanaingia moja kwa moja kwenye vena. Njia hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 tu. Kuipata inabidi kontrasti iingizwe kwenye uti wa mgongo na mgonjwa apigwe picha amelala ubavu, kila ubavu kwa zamu yake. Akilala chali inakimbia usiione.

Jambo moja la mpangilio, kwa haraka: MRI itangulie kuchoma sindano ya mgongo, isifuate. Sindano yenyewe inaweza kuacha tundu linalovuja na kuifanya dura ichukue kontrasti, kisha tukae tunafukuzia kitu tulichokitengeneza wenyewe. Na shinikizo la maji ya ubongo, linalopimwa kwa sindano hiyo, likitoka la kawaida usifute ugonjwa. Wagonjwa wengi wa uvujaji shinikizo lao limo ndani ya kiwango, ingawa ugonjwa unaitwa kwa jina la shinikizo la chini. Jina limekosewa, tumelizoea.

Nusu ya pili ya ile imani, "ikiona, ndicho", nayo ina dawa yake. Mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa watu 98 wasio na maumivu ya mgongo waliopigwa MRI ya kiuno. Asilimia 52 walikuwa na diski (mto ulio kati ya pingili za mgongo) iliyotuna angalau mahali pamoja. Wenye diski zote nzima walikuwa asilimia 36 tu. Watu wazima, hawaumwi chochote. Kwa hiyo diski iliyotuna kwa mtu anayeumwa inathibitisha nini? Ikilingana na neva inayouma, upande uleule, ngazi ileile, inasema kitu. Isipolingana ni kama mvi.

Kwa magonjwa adimu hesabu inazidi kuwa kali. Tuseme ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 10,000, na picha ina makosa ya kumsingizia mzima mara 5 kati ya 100. Piga watu 10,000 bila kuchagua: utampata yule mmoja, na utawasingizia karibu 500. Mashine haijakosea kuliko ilivyoahidi. Aliyekosea ni aliyewapanga foleni bila dalili. Kinachobadilisha hesabu ni historia na damu, vinavyomtoa mgonjwa kwenye kundi la 10,000 na kumweka kwenye kundi la 10.

Sisi tunaosoma nasi si malaika. Mwaka 2013 watafiti walibandika picha ya sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha wastani, ndani ya CT ya mapafu, wakawapa madaktari wa radiolojia 24 watafute vinundu. Ishirini hawakumwona. Kifaa cha kufuata macho kilionyesha kwamba 12 kati ya hao macho yao yalitua palepale. Ukitafuta kinundu, unaona vinundu.

Hapo ndipo hoja yangu inaponigeukia, nakiri. Nadai mniandikie swali, na swali lenyewe linanifunga macho. Njia yangu ni kupitia picha mara ya kwanza fomu ikiwa imefunikwa, kisha nasoma fomu, kisha narudi. Inachukua muda, na zikiwa zimelundikana picha 60 jioni, raundi ya kwanza inakuwa fupi kuliko ninavyopenda kusema. Ile sentensi yetu pendwa, "ihusishwe na hali ya mgonjwa", mara nyingine ni ushauri wa kweli, mara nyingine ni mlango wa kutokea. Na madoa meupe madogo kwenye FLAIR ya mtu wa miaka 50? Mengi hatuyajui yametoka wapi, hata tukiyaandikia aya nzima.

Kwa hiyo niandikieni: umri, dalili na imeanza lini, upande gani, kinachoizidisha na kinachoituliza, upasuaji wa zamani, majibu ya damu, na ugonjwa mnaoushuku hata kama mnaona aibu kuutaja. Kreatinini, kipimo cha figo, kama kuna kontrasti. Mistari minne inatosha, na inanifanya nichague sikwensi mgonjwa akiwa bado mezani.

Na leteni picha za zamani. Kinundu ambacho hakijabadilika kwa miaka mitatu kinaniambia mengi kuliko sikwensi yoyote mpya. Ziwe kwenye CD, faili za DICOM zenyewe, yaani zile za asili za mashine, nipime na kulinganisha. Msinitumie filamu iliyoegemezwa dirishani na kupigwa picha kwa simu. Hapo ninachoweza kuripoti kwa uhakika ni pazia.