Je, Wajua? Kwa Nini Kompyuta Hupungukiwa na Umeme Mara Simu Inapochomekwa Kando Yake?

Meza nyingi za ofisi za siku hizi huja na boksi dogo la umeme lililozamishwa kwenye ubao: soketi mbili za kawaida za matundu matatu, tundu moja la USB la umbo la zamani, na moja au mawili ya USB-C. Pembeni mwake huandikwa 65W, yaani wati 65. Mtu huchomeka kompyuta mpakato yake, alama ya chaji huwaka, na kazi huendelea. Kisha mwenzake wa upande wa pili huchomeka simu, na papo hapo kompyuta hulia, skrini hufifia, alama ya chaji hupotea kwa sekunde moja hivi na kurudi, safari hii pamoja na ujumbe kwamba chaja inayotumika ni dhaifu. Hakuna kilichoharibika.

Nilipopewa kazi ya kuchagua maboksi hayo kwa ajili ya ofisi yetu, nilikuwa na maelezo yangu tayari, nayo yalikuwa na makosa mawili. Nilidhani kwamba wati 65 ni za kila tundu, na pia kwamba chaja husukuma umeme kuelekea kwenye kifaa, kikubwa kwa kidogo, bila kuuliza. Kwa imani hiyo ya pili nilibandika kikaratasi kando ya kila tundu la USB-C kuwakataza watu kuchaji simu hapo, nikihofia kwamba umeme wa kompyuta ungeziunguza. Kikaratasi hicho kilikaa miezi kadhaa, na watu wenye akili timamu walikitii.

Kosa hilo la pili linahitaji kufunuliwa taratibu, kwa kuwa limeenea sana na kwa kuwa ndani yake kuna chembe ya ukweli. Chukua mfano wa tangi la maji lililo juu ya paa. Urefu wa mnara unaobeba tangi ndio unaoamua nguvu ya mgandamizo wa maji, nao tuufananishe na volti. Kiasi cha maji yanayopita kwa dakika, yaani ampea, huamuliwa na bomba lililo chini na mtu anayelifungua. Tangi liwe la lita 500 au la lita 10,000, kikombe hakipasuki kwa sababu ya ukubwa wa tangi, kwani anayenawa mikono hufungua bomba kidogo tu. Vivyo hivyo, chaja inayoweza kutoa ampea 3 hailazimishi simu kupokea ampea 3. Simu huvuta kiasi ambacho saketi yake ya kuchajia imekiruhusu, na betri inapokaribia kujaa hupunguza yenyewe.

Chembe ya ukweli iko kwenye urefu wa mnara. USB ya zamani ilikuwa salama kwa sababu mnara wake haukubadilika: ulikuwa volti 5 daima. USB-C, ambayo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2014, huweza kupandisha mnara hadi volti 9, 15 au 20, na tangu mwaka 2021 kanuni zake zimeruhusu hata volti 48. Simu iliyojengwa kwa volti 5 ikimiminiwa volti 20 kweli itaungua. Hofu yangu ingekuwa halali kabisa kama chaja ingepandisha volti kwa hiari yake. Haifanyi hivyo, na namna inavyojizuia ndiyo inayojibu pia swali la kompyuta na simu.

Tundu la USB-C lisilochomekwa kitu halina umeme kwenye pini zake za kuchajia, tofauti na lile la zamani ambalo huwa na volti 5 muda wote. Chaja hukaa ikichunguza pini mbili ndogo za mawasiliano. Ikihisi upande wa pili kuna rezista (kijipande kinachozuia umeme kiasi) ya omu 5,100, huelewa kwamba mgeni amefika, hivyo hufungua volti 5 za kuanzia na mazungumzo huanza, kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyewahi kula kwa mama ntilie ataufahamu. Chaja hutangulia kutaja kilichopo jikoni: nina volti 5 kwa ampea 3, nina 9 kwa 3, nina 15 kwa 3, nina 20 kwa 3.25. Kifaa huagiza kimoja kati ya hivyo. Chaja hujibu kwamba imekubali, hupandisha volti, kisha hutangaza kwamba chakula ki tayari. Hapo ndipo kifaa huanza kula. Yote hayo humalizika katika muda usiozidi wa kupepesa jicho mara chache, na kifaa ambacho hakijui lugha hiyo huachwa na volti zake 5, kama mteja aliyekaa kimya akaletewa chai ya rangi. Maelezo haya yanahusu maboksi yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni, kwani boksi bandia linaweza kutaja volti 9 na kupakua 12.

Waya nao una kauli katika mazungumzo hayo. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3 tu, na ampea 3 mara volti 20 ni wati 60. Ili chaja ithubutu kutaja ampea 3.25, ambazo ndizo zinazotimiza wati 65, ni lazima isome chipu ndogo iliyomo ndani ya kichwa cha waya inayothibitisha kwamba waya huo unastahimili ampea 5. Ndiyo maana boksi la wati 65 likipewa waya wa kawaida hutoa wati 60 bila kumwambia mtu.

Sasa turudi kwa jirani na simu yake. Wati 65 ni za sufuria nzima, si za sahani moja. Simu inapochomekwa, maboksi mengi hukata umeme kwenye matundu yote kwa kitambo kidogo, kisha huanza upya kutaja kilichopo, na sasa orodha ni fupi: kwa kawaida tundu moja hutajiwa wati 45 na jingine 20. Mlio ule na kufifia kwa skrini ni ile sekunde ambayo sahani zimeondolewa mezani. Kompyuta iliyozoea 65 hupokea 45, nayo kwa kazi ya kuandika barua huendelea kujaa polepole, ilhali kwa kazi nzito ya picha au video huweza kupungua chaji ikiwa imechomekwa. Kwenye maboksi ya bei ya chini hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa tundu la zamani na la USB-C hutumia njia moja ya ndani, na yakitumika pamoja yote mawili hushuka hadi volti 5. Kompyuta nyingi hazichaji kabisa kwa volti hizo.

Mgawanyo huo hauonekani kwa kulitazama boksi. Huwa kwenye jedwali la maandishi madogo chini yake au kwenye karatasi ya mtengenezaji, linaloeleza C1, yaani tundu la kwanza la USB-C, peke yake inatoa wati ngapi, na C1 pamoja na C2, tundu la pili, zinatoa ngapi. Mstari huo wa pili ndio wa kununulia. Muuzaji asiyeweza kuuonyesha anauza namba iliyochapishwa pembeni.

Kuhusu kufunga, mambo ni mepesi kuliko inavyodhaniwa. Maboksi mengi ya duara hukaa kwenye tundu la milimita 80, na fundi huhitaji kuchungulia kwanza chini ya meza asije akakuta chuma cha fremu pale alipopanga kutoboa. Meza inayopanda na kushuka iachiwe waya wa kutosha kwa kimo chake cha juu kabisa. Mzigo wenyewe si mkubwa: kompyuta na skrini havifiki wati 150 kwa kawaida, ilhali soketi ya ukutani ya ampea 13, ya mtindo wa Uingereza tunaoutumia, hubeba takriban wati 3,000 kwa volti 230. Kinachoharibu hesabu ni birika la umeme linalochomekwa mezani kwa sababu jikoni kuna foleni. Ndiyo maana maboksi kadhaa ya meza huwekewa fyuzi ya ampea 3.15 kwa kila soketi, ambayo huishia kwenye wati 725 hivi na kukatika chai ikiwa bado baridi. Kuunganisha boksi kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine ni jambo la kukataa, kwa kuwa kila kiungo kilicholegea ni mahali pa joto.

Vikaratasi nilivibandua, na kompyuta moja ikaendelea kulalamika kwamba chaja ni dhaifu ingawa haikuwapo simu. Chanzo kilikuwa waya mweusi wa spika ya zamani, wenye kichwa cha USB-C upande mmoja na kile kidogo cha micro-USB upande wa pili, uliochomekwa kwenye boksi ukining'inia mezani bila spika. Katika waya wa aina hiyo ile rezista ya omu 5,100 imo ndani ya kichwa chenyewe, kwa hiyo boksi lilihisi mgeni, likamtengea wati zake 20 na kumsubiri.