Cherokee Purple: nyanya ya zambarau na mbegu yake

Mwaka 1990, Craig LeHoullier, mkemia Mmarekani aliyependa kukusanya mbegu za nyanya za zamani, alipokea kwa posta mbegu zisizo na jina kutoka kwa John D. Green wa Sevierville, Tennessee. Maelezo yaliyoambatana nazo yalisema ni nyanya ya zambarau, na kwamba mbegu yake ilitoka kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, zaidi ya miaka 100 nyuma. LeHoullier alizipanda, akaipa nyanya hiyo jina la Cherokee Purple, kisha akazipeleka kwa kampuni ya mbegu ya Southern Exposure Seed Exchange, nayo ikazisambaza. Kwa hiyo tunaloweza kulithibitisha linaanzia 1990. Ya kabla ya hapo ni masimulizi, ingawa mimi sioni sababu ya kuyadharau.

Rangi yake ndiyo huulizwa sana. Wengi hudhani ni zambarau ile ya bilinganya. Sivyo. Nyanya ya kawaida inapoiva, klorofili, yaani ukijani wa mmea, huvunjika na wekundu wa likopeni hutawala. Cherokee Purple ina badiliko la jeni linalozuia klorofili isiishe yote. Wekundu ukichanganyika na ukijani huo, chini ya ganda lisilo na rangi, tunda huonekana kama damu ya mzee. Mwaka 1995 ulijitokeza kwa LeHoullier mche wenye nyama ileile lakini ganda la njano, na matunda yakawa rangi ya chokoleti! Leo aina hiyo huitwa Cherokee Chocolate.

Tunda ni bapa, la gramu 250 hadi 350 hivi, lenye utamu uliokolea. Karibu na kikonyo hubaki kijani hata likiiva, kwa hiyo asiyeijua husubiri mpaka linaoza. Ganda ni jembamba na hupasuka mvua ikinyesha ghafla baada ya ukavu. Anayejaza matenga ya kusafirisha mbali aendelee tu na chotara zake, yaani nyanya za mbegu mseto. Hii ni ya bustani na soko la karibu. Mche hurefuka bila kikomo, hivyo simika miti ya kuutegemeza.

Kwa kuwa si chotara na hujichavusha yenyewe, mbegu zake hurudisha nyanya ileile. Chagua tunda lililoiva kwenye mche wenye afya, kamulia mbegu kwenye chombo, ziache zichachuke siku 2 hadi 3 mpaka ule ute uachie, zioshe, kisha zianike kivulini.