Je, wajua kwa nini bibi aliyetembea maisha yake yote anafundishwa kutembea upya?

Hili swali huku Mbeya linaulizwa sana, na mara nyingi linaulizwa kwa kucheka. Mtu yuko kwenye bajaji asubuhi anaona kundi la wamama na wababu wamevaa raba na masweta, kofia za uzi zimevutwa mpaka masikioni, kijana wa joging anawapulizia filimbi, mara wanakazana mara wanapoa, mara wanatembea kwa ubavu. Anashangaa, jamani hawa si ndio walikuwa wanatoka Uyole na ndizi kichwani hadi sokoni, leo eti wanafundishwa kutembea na mtoto wa juzi?

Ana haki ya kushangaa. Mzee anayekwenda shamba kila siku, njia ile ile, mwendo ule ule, anapata faida kibao: moyo unafanya kazi, sukari haipandi ovyo, usingizi unakuja wenyewe. Ila mwili ukishaizoea kazi hauongezi kitu, unabaki hapo hapo, halafu uzee wenyewe hausubiri.

Shida iko ndani ya misuli. Kuna nyuzi za polepole na kuna nyuzi za haraka. Za polepole ndio za safari, hazichoki mapema, ndio zinakupeleka shamba na kukurudisha. Za haraka zinaitwa pale tu nguvu inapotakiwa ghafla, kuinuka kwenye kigoda, kuvuka mtaro, kujishika ukiteleza kwenye tope la mwezi wa tatu. Sasa uzee ukianza kula misuli unaanza na hizo za haraka. Kuanzia miaka 30 hivi mtu anapoteza kama asilimia 3 mpaka 8 ya misuli kwa kila miaka 10, na akivuka 60 inakwenda kwa kasi zaidi. Ndio maana unamkuta babu anatembea vizuri tu kutoka Sae mpaka Kabwe, lakini kunyanyuka kwenye kochi mpaka ajisukume kwa mikono yote miwili.

Wajapani walilipima hili. Chuo Kikuu cha Shinshu kina makao yake Matsumoto, mji uliozungukwa na milima huko Nagano, kwa hiyo nao ni watu wa nyanda za juu kama sisi. Timu ya profesa Hiroshi Nose ilianza kwa kuwaambia watu watembee kasi dakika 30 mfululizo, wengi wakashindwa, na mimi siwalaumu, jaribu mwenyewe uone. Wakabadilisha: dakika 3 kasi, dakika 3 taratibu, raundi 5 au zaidi kwa siku, siku 4 au zaidi kwa wiki. Majibu wakayachapisha 2007. Walikuwa watu 246, wastani wa umri miaka 63, kwa miezi 5. Kundi moja halikupewa zoezi, kundi la pili likatembea mwendo wa kawaida kwa kulenga hatua 8,000 na kuendelea kwa siku, la tatu ndio hao wa kubadili mwendo. Hao wa tatu nguvu ya kunyoosha goti ilipanda asilimia 13, ya kukunja asilimia 17, na presha ikashuka kuliko wenzao. Wale wa hatua 8,000 je? Nguvu ya miguu ilibaki karibu pale pale! Watu wametembea miezi 5 nzima.

(Na ile hatua 10,000 ambayo simu inakudai kila jioni, ilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ilikuwa biashara, sio kipimo cha daktari.)

Kwa hiyo yule kijana wa filimbi hafundishi kutembea, anafundisha kubadili mwendo. Na hapo ndipo wazee wengi wanapata tabu mwanzoni, maana mtu mwenye miaka 68 ana mwendo wake mmoja alioutumia tangu ujana, ukimwambia "bibi ongeza" anarefusha hatua mpaka anapepesuka, wakati inatakiwa aziharakishe hatua, mikono ikunjwe kwenye kiwiko ipigwe mbele na nyuma, kisigino kitangulie. Utamwona ameukazia macho mguu wake mwenyewe, anashusha kisigino, anaviringisha mpaka vidole, hatua ya nne kashasahau mikono. Wiki mbili tatu inakaa sawa. Hana saa? Hata kiswaswadu kina saa, na asiyetaka simu ahesabu nguzo za umeme, tatu kasi tatu pole, haiwi dakika 3 kamili lakini kazi inafanyika.

Kasi ni ipi, hiyo anaamua pumzi. Kwenye kasi uweze kutoa sentensi fupi ila kuimba usiweze, kwenye pole uweze kupiga stori. Usifuate namba za mtu mwingine, hasa ukiwa mgeni huku. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, oksijeni unayovuta kwa pumzi moja ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Mama mkwe akija kutoka Temeke akahema kwenye kamlima ka Forest usimcheke, mpe siku kadhaa atazoea.

Halafu sisi tuna kitu ambacho watu wa pwani wanakitafuta kwa hela gym: milima. Watu wanaogopa kupanda tu, kumbe kushuka nako ni zoezi la maana, labda hata zaidi kwa mzee. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, kama lori linavyoshuka Mlima Nyoka kwa gia ndogo, yaani msuli unavuta huku unarefushwa. Kazi ya namna hiyo inajenga nguvu kwa pumzi kidogo sana, moyo haukimbii. Kule Austria watafiti waliwapandisha watu mlima kwa miguu wakawashusha kwa gari la kamba, wengine wakafanyiwa kinyume, na ikaonekana kupanda kunasaidia zaidi mafuta ya kwenye damu, kushuka kunasaidia zaidi mwili kuimudu sukari. Kwa hiyo mzee wa Iringa anayepanda daladala kutoka Ipogolo mpaka mjini halafu anarudi kwa miguu, asiambiwe kakwepa zoezi. Ila mapaja yatauma siku ya pili, hiyo ni kawaida ya mwanzo, na mwenye goti bovu aanze na kamteremko kafupi, sio kilima chote.

Kuna na habari ya ubongo. Mwendo uliouzoea unakwenda wenyewe, ubongo unawaza bei ya mbolea. Kwa mtu mzima miguu ikianza kulegea, ubongo unalazimika kuusimamia mwendo, na hauwezi tena kufanya mawili. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi waligundua jambo rahisi kabisa: wazee waliosimama kila walipoanza kuongea njiani ndio walioanguka zaidi miezi 6 iliyofuata. Sasa huku msianze kuhesabu, mzee wa Kihehe akisimama kukusalimia kamwene mpaka akuulizie na mbuzi, hiyo ni adabu, sio ugonjwa. Lakini ndio maana mazoezi mapya yana kutembea kwa ubavu, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kutembea huku unataja majina ya wajukuu. Mvua ikinyesha hayo yanafanyika barazani, mkono karibu na ukuta.

Mwenye presha, sukari au moyo aongee na daktari wake kabla ya kuanza kukazana, na kifua kikibana au kizunguzungu kikija anaacha hapo hapo. Mwenye sukari akague nyayo akivua raba, malengelenge madogo kwake ni kesi kubwa.

Na fimbo inaruhusiwa, asikudanganye mtu kwamba ni uvivu. Tatizo wengi wanaishika upande ule ule wa goti linalouma. Ishikwe mkono wa upande wa pili, itangulie pamoja na mguu mbovu, iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono mzee akisimama wima ameshusha mikono.