Kwa Nini Isaya Alitaja Kisiki cha Yese

Jioni ya tarehe 19 Desemba, Wakatoliki wanaosali Masifu ya Jioni humwita Kristo Shina la Yese, yaani la baba yake Mfalme Daudi. Hiyo ni ya tatu kati ya antifona saba, yaani aya fupi za kuimba, zinazoanza kwa neno «Ee», ambazo huambatana na wimbo wa Bikira Maria kuanzia tarehe 17 hadi 23: Hekima, Adonai (yaani Bwana), Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa na Emanueli. Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi, na kati ya majina hayo saba hili la tatu ndilo ninaloliendea kwanza ninapoketi na watu waliofiwa, kwa kuwa ndilo pekee linaloanza na kitu ambacho tayari kimekatwa.

Hapo panahitaji maelezo, kwa sababu Biblia yetu ya Muungano ya mwaka 1952 inasema: «Basi litatoka chipukizi katika shina la Yese». Msomaji wa Kiswahili akisikia «shina» huona mti uliosimama na matawi yake. Lakini neno la Kiebrania katika Isaya 11:1 ni geza, na mazingira ya aya yanadai tuseme kisiki. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, nao umeikata habari katikati. Ukisoma bila kusimama kuanzia mwisho wa sura ya 10, utakuta Bwana anaangusha miti mirefu, anakata vichaka vya msitu kwa chuma, na Lebanoni yenyewe inaanguka. Ndipo, katika msitu huo uliofyekwa, nabii anaona kisiki kimoja kikitoa chipukizi.

Neno geza limo mara tatu tu katika Biblia ya Kiebrania, na mojawapo ni Ayubu 14:8. Ayubu, aliyezika watoto wake wote, anasema kwamba mti una tumaini, kwa maana hata ukikatwa na kisiki chake kikafa mavumbini, utachipua tena kwa harufu ya maji tu. Bali mwanadamu akifa, yuko wapi? Anauonea mti wivu. Aliyewahi kukata mwarobaini uani akaukuta umechipua tena anajua Ayubu anazungumzia nini, na aliyekata mnazi anajua vilevile kwamba si kila mti hurudi. Mimi huzisoma aya hizi mbili pamoja kila mara, kwa sababu naamini kwamba tumaini ambalo Ayubu aliliona kwa mti na kulikosa kwa mtu ndilo Isaya alilolipata katika ukoo mmoja wa watu.

Nabii anautaja ukoo huo kwa jina la Yese. Angeweza kusema kisiki cha Daudi, jina lenye taji na Yerusalemu ndani yake, lakini anarudi nyuma kizazi kizima hadi kwa mzee wa Bethlehemu mwenye wana wanane, ambaye mdogo wao alikuwa malishoni na kondoo siku nabii Samweli alipokuja na mafuta ya kumweka mfalme. Ufalme umekatwa hadi pale ulipokuwa kabla haujawa ufalme. Yerusalemu ilipoangushwa na Wababeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, kiti cha Daudi kikabaki bila mtu, waliolishika neno la Isaya walikuwa na mahali pa kutazama, na hapakuwa pahali pa fahari.

Katika aya ya 10 Isaya analirudia jina hilo, safari hii kwa neno linalomaanisha mzizi, na kusema kwamba mataifa watamtafuta. Wayahudi waliotafsiri kitabu hiki kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliandika kwamba mataifa watamtumaini. Paulo, akiwaandikia Wakristo wa Roma, aliifuata tafsiri hiyo ya Kigiriki: «Huyo ndiye Mataifa watakayemtumaini» (Warumi 15:12). Tena hakuishia hapo, kwa kuwa sentensi inayofuata inamwita Mungu «Mungu wa tumaini» na kuwaombea wasomaji wake wazidi sana kuwa na tumaini. Kwa hiyo neno «tumaini» katika baraka hiyo, ambayo husomwa mara nyingi ikiwa peke yake, limetoka katika jina la Yese. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tumo katika mataifa hayo, wala hatukuwa na sehemu katika ukoo ule.

Ufunuo 22:16 unaenda mbali zaidi, kwa maana hapo Yesu anajiita Shina, yaani mzizi, na Mzao wa Daudi kwa pamoja: aliyechipua kutoka katika kisiki ndiye pia mzizi uliokuwa ukikibeba kisiki hicho muda wote kilipoonekana kimekufa. Sijui jina jingine la Kristo linaloingia chini ya ardhi kiasi hicho.

Antifona yenyewe, baada ya kusema kwamba mbele yake wafalme watafumba vinywa na mataifa watamwomba, inamalizia kwa ombi la watu ambao bado hawajaona jani hata moja: njoo utukomboe, usikawie tena.