Jongmyo si makaburi ya wafalme

Wageni wengi wanaofika Jongmyo, katikati ya Seoul, huulizia makaburi. Hayapo. Wafalme wa Joseon, ukoo uliotawala Korea zamani, wamezikwa kwingine, kwenye vilima vyenye nyasi, wengi nje kidogo ya jiji. Jongmyo ni nyumba ya roho zao: ndani ya jumba refu la Jeongjeon kuna vyumba 19 vyenye vibao vya mbao 49, vya wafalme na malkia, na kila kibao kimetobolewa tundu la roho kuingilia na kutokea.

Ukiingia getini, tazama chini. Njia ya mawe ina sehemu tatu, ya katikati imeinuka kidogo. Hiyo ni ya roho, hata mfalme hakuikanyaga. Nawe pita pembeni, tafadhali.